Goreth na Orodha za Santa Rufina

Goreth hajawahi kukanyaga Santa Rufina, na kwa jinsi bei za tiketi za ndege zilivyo huenda asikanyage kamwe. Lakini muulize chochote kuhusu mji huo, atakujibu kabla hujafunga mdomo. Atakuambia una vitongoji kumi na vinne, kumi na kimoja chini pwani na vitatu juu mlimani. Atakuambia ofisi ya meya hupakwa rangi mpya kila anapoingia meya mpya, na kwamba sasa hivi ni ya waridi na watu bado hawajaizoea. Atakuambia uwanja wa mpira wa kikapu una paa la bati, na kwa kuwa hakuna paa kubwa kuliko hilo, chini yake hugawiwa mbegu, huchezwa dansi, huchanjwa watoto na huagwa maiti, wakati mwingine yote katika wiki moja.

Wenyewe wanaiita manispaa. Manispaa! Sisi tukisikia neno hilo tunafikiria askari wa jiji wanaokimbizana na wachuuzi, na foleni ya kulipia maji. Manispaa ya Santa Rufina, huko kisiwani mashariki mwa Ufilipino, ina kituo kimoja cha mafuta, kanisa moja la mawe, minazi isiyohesabika, na haina hata robot moja, yaani taa ya kusimamisha magari, kwa sababu magari yenyewe yako wapi? Nusu ya wanaume wake wako baharini, kwenye meli za watu wengine. Waliobaki wanakausha mbata, wanafuga nguruwe na kusubiri simu.

Goreth ni Mrundi wa Rumonge, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika ambako mtoto hujifunza Kiswahili sokoni kabla hajajua kuandika jina lake. Ana miaka arobaini na moja. Akiwa na miaka tisa alivushwa ziwa na kuingizwa kambini upande wa Kigoma. Akiwa na ishirini na tano alishuka kwenye lori hapa Durban, na begi moja na namba ya simu ya shangazi ambaye mpaka leo hajapokea. Alisuka nywele Umbilo miaka mitatu mpaka vidole vikagoma, akaolewa na Pierre-Claver anayelinda maghala bandarini, akamzaa Anaïs, kisha akaingia duka la simu la Ruphin pale Point, mtaa wa karibu na bandari, na hajatoka tena. Wateja wa mtaani wanamwita Mama Anaïs. Mabaharia wa Kifilipino wanamwita Ate, yaani dada mkubwa, na usipowakatiza watakueleza kwamba kwao si kila mwanamke anapewa jina hilo.

Mabaharia ndio chakula cha duka lile. Meli inafunga gati, gari dogo linawashusha, na kila mmoja ana saa chache za kufanya mambo matatu: anunue laini, azungumze na nyumbani, ale kitu ambacho hakikupikwa melini. Miongoni mwao ni Rodel Badilla, mkuu wa mabaharia wa sitahani kwenye meli moja ya mizigo inayopita Durban kila baada ya wiki saba au nane. Alipopata cheo hicho alianza kuwavuta watu wa kwao mmoja mmoja, kama sisi tunavyovutana, na sasa meli ile ina watu tisa wa Santa Rufina ndani yake.

Rodel ndiye aliyemleta mama yake dukani, kwa namna ya kusema. Miaka sita iliyopita simu yake ilikataa kutoa sauti, Goreth akaifungua, akasafisha spika kwa mswaki, akabonyeza namba ya juu kabisa kuijaribu, na kwenye kioo akatokea bibi mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Wewe ni nani, na mwanangu yuko wapi?" bibi akauliza kwa Kiingereza safi cha shuleni.

"Mimi fundi wa simu, mama. Mwanao huyu hapa, anakula chipsi."

"Chipsi tu? Mwambie ale samaki."

Urafiki ukaanzia hapo. Bibi yule, Consolacion, ambaye mji mzima unamwita Nanay Consing, yaani Mama Consing, alikuwa karani wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, na kustaafu hakujamfaa hata kidogo. Anahitaji mtu wa kumpasha habari. Goreth naye akiwa dukani saa za asubuhi, mteja hakuna, anahitaji habari. Walianza kwa kuonyeshana samaki wakavu, Goreth dagaa wa kwenye soko la Wakongo, Nanay wale wa kwake waliofungwa kwa majani, kila mmoja akimwona mwenzake hajui kukausha. Wakafika kwa majirani, wakafika kwa padri anayeshindwa kila mara kwenye karata. Hivyo ndivyo Mrundi wa Point alivyoijua manispaa nzima, kitongoji kwa kitongoji, ugomvi kwa ugomvi.

Sasa, Santa Rufina ina desturi moja ambayo Goreth aliielewa mara moja bila kufafanuliwa. Mtu aliye melini haambiwi habari mbaya. Mtoto akilazwa, haambiwi. Paa likiruka, haambiwi. Watasema yuko juu ya maji, atafanya nini zaidi ya kuumia, na mtu anayeumia juu ya sitaha anaweza kuteleza. Rodel alijua uchungu wa desturi hiyo kuliko wengi. Mwaka baba yake alipofariki alikuwa karibu na Chile, na kwa miezi minne kila akipiga simu aliambiwa mzee amelala, mzee yuko shambani. Alishuka kwenye jeep pale sokoni akiwa amebeba viatu vipya vya mzee, namba arobaini na moja, na watu wote wakaanza kutazama chini. Siku ile alimwapisha mama yake: kamwe, kamwe, usinifanyie tena.

Nanay aliapa. Na Aprili mwaka huu alivunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi za gati, akahamia kwa kumare wake Ludivina, mwanamke aliyembatizia mtoto, na hakumwambia mwanawe neno.

Alimwambia Goreth. "Lazima nimwambie mtu," alisema, mguu ukiwa juu ya kiti, umefungwa plasta. "Na wewe uko mbali vya kutosha. Apa kwa jina la Anaïs kwamba Rodel hatajua. Akijua atashuka melini, na akishuka katikati ya mkataba, ofisi ya Manila haitampa meli nyingine."

Goreth akaapa. Hakujiuliza sana. Kwao pia ndivyo ilivyo. Kila Jumapili baada ya ibada anampigia mama yake Rumonge, na kila Jumapili mama yake, Antoinette, anasema, "Sisi tuko bien, hakuna shida." Ziwa limekuwa likipanda miaka hii, watu wa kando yake wamehama, lakini mama anasema maji yalisimama kwa jirani. Naye Goreth anajibu kwamba Durban ni salama kabisa, na hajawahi kumwambia kuhusu wiki ile ambayo duka lilivunjwa na wao wakajifungia ndani na Anaïs siku tano.

Basi ikaja Novemba. Jumanne, kimbunga kikapita juu ya kile kisiwa. Goreth alikiona kwenye simu, duara jeupe limekaa juu ya jina analolijua, akapeleka ujumbe kumi na saba kwa Nanay Consing, na kila mmoja ukabaki na tiki moja ya kijivu. Jumatano, tiki moja. Ukurasa wa manispaa, ambao kwa kawaida hutangaza hata nguruwe aliyepotea, ulikuwa kimya.

Alhamisi, saa tano asubuhi, Rodel akaingia dukani. Hakusalimia. Ni mtu mpana, mcheshi, anayeingia akiwa ameshaanza kusimulia, na siku ile alisimama mbele ya kaunta kama aliyesahau alichofuata.

"Ate," akasema, "nipe mtandao. Wa melini umekatika tangu Mauritius, habari ya kimbunga tumeipata redioni tu. Saa kumi gari linatuchukua, saa kumi na mbili tunaondoka kwenda Brazil. Siku kumi na moja. Siwezi kwenda siku kumi na moja hivi."

Goreth akamuunganisha. Asubuhi ile ile ukurasa wa manispaa ulikuwa umeamka. Mtu fulani ofisini kwa meya alikuwa na kifaa cha setilaiti, na alikuwa amepandisha picha za karatasi, arobaini na sita, zilizoandikwa kwa mkono: watu waliohifadhiwa kanisani, shuleni, chini ya paa la uwanja wa kikapu, kitongoji kwa kitongoji. Picha zilifunguka kwa shida, moja moja. Rodel aliketi kwenye stuli ya wateja, akaenda moja kwa moja kwenye karatasi za Pantalan, kitongoji cha gatini, mahali alipozaliwa na mama yake alipozaliwa. Alizisoma zote tatu. Akazisoma tena kwa kidole. Goreth akiwa upande wa pili wa kaunta alikuwa anauza muda wa maongezi na kurudisha chenji bila kujua anachorudisha.

"Hayumo," Rodel akasema.

Kisha akafungua karatasi ya arobaini na sita, iliyokuwa fupi. Hiyo haikuwa ya waliohifadhiwa. Ilikuwa na mistari tisa, na mstari wa sita ulisema: mwanamke, mzee, miaka kama sabini, amepatikana Pantalan, hajatambuliwa. Nanay Consing ana miaka sabini na moja.

Rodel aliweka simu juu ya kaunta, uso chini. Hakulia. Alianza kukunja risiti ya mtu, akaikunja, akaikunja, mpaka ikawa haikunjiki tena.

Lakini Goreth alijua kitu. Alijua Nanay hakai Pantalan tangu Aprili. Kumare Ludivina anakaa San Roque, juu mlimani, kitongoji cha mwisho kabla ya msitu. Baharia alikuwa anamtafuta mama yake katika mji aliouacha yeye, si katika mji ulivyo sasa. Kwa neno moja angeweza kumwinua.

Au kumwangusha mara ya pili. Ndilo lililomzuia. Maana Nanay asiyekaa Pantalan alikuwa hata hivyo anashuka Pantalan kila Jumanne, kwa fimbo yake, kulisha kuku alioacha kwenye nyumba yake. Kimbunga kilikuja siku gani? Jumanne. Akimwambia, kisha San Roque nako asiwemo, atakuwa amempa tumaini la dakika tano na kumnyang'anya, na juu yake amemwonyesha kwamba alidanganywa tena. Na alikuwa ameapa kwa jina la mtoto wake.

"Mama Anaïs!" Ruphin akaita kutoka nyuma, sauti ya mtu mwenye duka lake. Ni Mkongo wa Bukavu, mkali wa mdomo tu. "Iko watu wanne wanangoja airtime, na weye unasimama tu? Iko nini?"

"Tonton Ruphin, mama ya huyu. Kimbunga. Hawamuoni kwa liste."

Ruphin akachungulia, akamwona Rodel na ile risiti. "Eish," akasema taratibu. Akavua miwani. "Bon. Ingia huku, chukua ordinateur yangu, iko na mtandao ya nguvu. Mi ntauzisha mwenyewe."

Goreth akaingia nyuma peke yake, akafunga mlango na kuketi mbele ya kompyuta. Aliamua atazame kwanza, kisha ndipo aseme. Kama ni woga, basi ulikuwa woga. Alikuwa na haki nao.

Hakutafuta jina la Consolacion. Hilo alijifunza mwaka wa kambi. Alipovushwa ziwa alikuwa amepotezana na mama yake, na mwanamke mmoja aitwaye Ninahazwe alimkaribisha kwenye chungu chake cha maharage. Makarani walipopita waliandika: Ninahazwe, watu saba. Wiki tano mama yake alisoma orodha za kambi ile akitafuta jina la Goreth, na Goreth alikuwemo kila siku, ndani ya ile saba. Tangu hapo anajua kwamba orodha za watu waliokimbia haziandiki watu, zinaandika vyungu. Ukimtafuta mtu, tafuta anakula kwa nani.

Karatasi za San Roque zilikuwa mbili. Ya kwanza, hakuna. Ya pili, katikati: OBREGON, Ludivina. Watu sita.

Goreth akahesabu kwa vidole, kama mtoto. Ludivina, moja. Mumewe mwenye pumu, mbili. Mtoto wao wa kiume, tatu, mkewe, nne, na kale kachanga kalikobatizwa Juni, tano. Akahesabu tena, akimtafuta mtu mwingine yeyote wa kumjazia ile nafasi, kwa sababu hakutaka kufurahi kijinga. Mjukuu mwingine yuko Manila. Mfanyakazi hawana.

Sita.

Ilikuwa nyingi, na haikutosha. Sita ingeweza kuwa jirani. Lakini ilitosha kumfungulia mdomo. Akafungua mlango na kusema, "Rodel, njoo uone kitu. Na ukishaona utanikasirikia, lakini njoo."

Rodel akaketi kwenye kiti cha Ruphin. Goreth akamwekea kidole kwenye mstari wa Ludivina, akavuta pumzi aanze kueleza habari ya mguu. Lakini Rodel hakuwa anautazama ule mstari. Alikuwa anaitazama karatasi nzima. Akaivuta iwe kubwa. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

Karatasi zile nyingine zote, ukizitazama, ziliandikwa na watu waliokuwa wanatetemeka, majina yakipanda na kushuka. Hii ya San Roque ilikuwa na mstari wa pembeni uliopigwa kwa rula. Majina ya ukoo yalikuwa kwa herufi kubwa, yamepigiwa mstari mara mbili. Juu kabisa, tarehe: Jumatano, saa mbili asubuhi. Na kwenye mstari wa ishirini na tatu mwandishi alikuwa amekosea hesabu ya familia moja. Hakufuta, hakuchafua. Alikata kosa kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika idadi sahihi juu yake, na pembeni, kama karani wa shule anavyotakiwa kufanya kila anaposahihisha rejista, akatia herufi za jina lake.

C.B.

"Huu ni mkono wa mama," Rodel akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Kisha akasema tena, na safari hii sauti ikamkatika katikati. "Ate, huu ni mkono wa mama! Mama ndiye ameandika! Jumatano! Jumatano alikuwa anaandika!"

Mwanaume yule mpana akalia kwenye kiti cha Ruphin, mabega yakiruka, na Goreth akalia amesimama, ameshika mgongo wa kiti, akisema "Mungu wangu, Mungu wangu" kwa Kirundi, lugha ambayo huwa haitoki mpaka mambo yawe makubwa. Bibi wa watu alikuwa hai. Alikuwa juu mlimani na mguu wake mbovu, amezisajili kaya zote za kitongoji, amezipigia mistari, na kwa kuwa yeye ndiye mwandishi hakuona haja ya kujiandika jina, amejihesabu tu ndani ya ile sita ya Ludivina. Isingekuwa lile kosa la mstari wa ishirini na tatu, asingeacha hata alama yake.

Ruphin akafungua mlango. "Ni nini? Ni mbaya?"

"Ni bien, Tonton! Iko hai!"

"Asante Yesu," Ruphin akasema, akageuka na kuwatangazia watu wanne wa airtime, ambao hawakujua lolote, na mmoja wao akapiga makofi.

Rodel alipofuta uso, swali likaja. Goreth alikuwa analisubiri.

"Lakini mama yangu anafanya nini San Roque?"

Akamweleza. Ngazi za gati, plasta, Aprili, Ludivina, kiapo. Hakujitetea. Kadiri alivyosema ndivyo uso wa Rodel ulivyofunga, na alipomaliza redio ya Ruphin ilikuwa bado inaimba huko mbele.

"Tangu Aprili," Rodel akasema.

"Tangu Aprili."

"Nimepita hapa mara nne. Mara nne umeniuzia laini na kuniambia mama anasalimia."

"Alikuwa anasalimia kweli."

"Ate, usinifanyie hivyo." Alikuwa amekasirika kweli, mikono imekaza juu ya meza. "Baba yangu nilimnunulia viatu akiwa kaburini miezi minne. Mnadhani mnatulinda. Leo nimemtafuta mama yangu mahali asipokaa, nikamkuta mahali asipokuwa. Nilishamzika, Ate. Pale kwenye stuli yako."

"Nimekosa," Goreth akasema. "Nisamehe."

Rodel akatazama tena ile karatasi. Halafu akauliza, bado hajamtazama, "Anatembea?"

"Kwa fimbo. Na fimbo anaitumia zaidi kumtishia jogoo wa Ludivina."

"Nini kingine sijui?"

Basi Goreth akavuta stuli na kumpa manispaa yake yote. Paa la jikoni kule Pantalan lilikuwa limeoza tangu Januari. Nguruwe mkubwa aliuzwa. Nanay amekuwa akimfunga padri kwenye karata kila Ijumaa, na wanachezea mishumaa ya kanisa. Binamu aliyesemekana yuko masomoni alikuwa ameoa. Rodel alisikiliza, akapinga, akaapa atamkomesha huyo binamu, na ilipofika kwenye mishumaa akacheka, kicheko kile chake cha kuingilia dukani, na Goreth akajua amesamehewa, angalau kwa leo. Ruphin akaleta chipsi na samaki. Walikula juu ya karatasi za bili.

Saa kumi kasoro Rodel akasimama. Kabla ya kutoka alifungua tena ile orodha fupi, akausoma mstari wa sita, mwanamke mzee wa Pantalan, akafanya ishara ya msalaba. "Huyu naye ni mama wa mtu," akasema. "Kwenye meli tuko tisa. Nitawauliza kila mmoja mama yake yuko wapi." Goreth akainamisha kichwa. Furaha ile haikuwa na haya, lakini ilijua kwamba si kila nyumba imeipata.

"Na wewe, Ate. Ukijua kitu, niambie. Hata nikiwa katikati ya bahari."

"Nitakuambia."

"Apa kwa jina la Anaïs."

"Huyo mtoto ameapiwa vya kutosha," Goreth akasema. "Nitakuambia tu."

Jumamosi tiki za kijivu zikawa mbili, kisha zikawa za bluu, kumi na saba kwa mkupuo, na nyuma yake ukaingia ujumbe wa sauti. Nanay Consing hakuanza na salamu. "Umesema!" akafoka, kuku wakilia nyuma yake. "Nilikuapisha, na umesema! Melini wamepata mtandao, mwanangu ameniita mwongo, amelia, na sasa anataka kunijengea nyumba San Roque karibu na Ludivina, na Ludivina anakoroma!" Ukaendelea hivyo dakika tatu na nusu. Goreth aliusikiliza mara tano, amesimama katikati ya mtaa wa South Beach na mifuko ya sokoni mikononi, watu wakimpita huku na huku. Kufokewa hakujawahi kumpendeza namna ile.

Jumapili baada ya ibada aliketi kwenye ngazi za ghorofa lao na kumpigia mama yake Rumonge.

"Sisi tuko bien," mama Antoinette akasema. "Hakuna shida. Maji yalisimama kwa jirani."

Goreth alifungua mdomo aseme nashukuru, mama, kama kila Jumapili. Haikutoka. Aliona kidole cha Rodel kikishuka kwenye karatasi za Pantalan, kikishuka, kikirudi juu. Akasikiliza. Miaka yote, nyuma ya sauti ya mama yake, alizoea kusikia wanawake wa samaki wakiitana ufukweni. Leo nyuma ya sauti ile kulikuwa na mbuzi.

"Mama," akasema, "hicho kiti ulichokalia sasa hivi, kiko katika nyumba ya nani?"

Mbuzi akalia tena, karibu kabisa.

"Nani amekuambia?" mama yake akauliza.

Goreth akafunika macho kwa kiganja na kuanza kucheka, na machozi yakapita katikati ya vidole. Mama yake alikuwa hai, alikuwa juu, mahali pakavu penye mbuzi.

"Hakuna, mama," akasema. "Nimekuuliza wewe. Haya, anzia siku ya kwanza maji yalipoingia."